UZI: Aliyemsalimia Stanley kwanza pale Ujiji hakuwa Livingstone, alikuwa Susi

Mleta uzi:

Wakuu, habari za saa hizi. Kila aliyekaa darasani nchi hii anaijua hadithi ya Ujiji. Mwaka 1871 Mzungu mmoja, mwandishi wa gazeti aitwaye Stanley, katoka pwani, kamtafuta Mzungu mwenzake aliyepotea, kamkuta chini ya mwembe, kavua kofia na kusema: "Daktari Livingstone, kama sikosei?" Sentensi hiyo imezunguka dunia nzima. Wageni wanashuka Kigoma, wanapanda gari kupitia Mwanga mpaka Ujiji, wanapiga picha kwenye mnara, wanaondoka na sentensi hiyo hiyo waliyokuja nayo.

Ninachotaka kuweka hapa ni yale ambayo mnara hausemi. Sitayatoa vijiweni. Yamo kwenye maandishi ya Wazungu hao wawili wenyewe: kitabu alichochapisha Stanley mwaka 1872 na shajara za Livingstone zilizotoka 1874. Watu wetu wamejaa humo, wanaongea, wanaamua, wanaokoa jahazi. Ni sisi tuliozoea kuwaruka.

Haya, tuanze na siku yenyewe. Msafara wa Stanley unakaribia Ujiji, mbele kirangozi, yaani kiongozi wa njia, kabeba bendera ya Marekani, bunduki zinapigwa hewani kama ilivyokuwa desturi ya misafara ikifika mji mkubwa. Watu wanatoka kwa mamia kuja kuwapokea. Kabla hawajaingia mjini, Stanley anasikia sauti ubavuni kwake ikimwamkia kwa Kiingereza. Anageuka kwa mshtuko. Anamwona mtu mweusi, kavaa shati refu jeupe na kilemba cha merikani. Anamuuliza, wewe ni nani? Jibu: mimi ni Susi, mtumishi wa Daktari Livingstone.

Stanley haamini. Anauliza tena na tena: Daktari yuko hapa? Katika mji huu? Una hakika? Susi anamwambia ana hakika kabisa, ametoka kwake sasa hivi. Mara inatokea sauti ya pili, nayo inaamkia kwa Kiingereza: huyo ni Chuma, mtumishi mwingine wa Daktari. Stanley anaulizia hali ya Daktari, anaambiwa si nzuri sana. Basi anamwambia Susi akimbie akatoe habari, na Susi anachomoka mbio.

Sasa fungua shajara ya Livingstone, upande wa pili wa tukio lile lile. Anaandika kwamba Susi alikuja anakimbia kwa nguvu zake zote, anahema, akatamka: "Mwingereza! Nimemwona!" Kisha akatoka tena mbio kurudi alikotoka. Livingstone ndipo akaiona bendera ya Marekani na kutambua mgeni ni wa taifa gani.

Na bado kuna safari moja zaidi. Stanley anasema Susi alimrudia njiani kumuuliza jina, kwa sababu Daktari, kwa mshangao, alikuwa ameuliza mgeni anaitwa nani na Susi akakosa la kujibu.

Kwa hiyo kabla ya kofia kuvuliwa, mazungumzo ya mkutano ule yalishafanyika. Stanley alishajua aliyemtafuta yupo na hali yake ikoje. Livingstone alishajua kuna Mzungu anakuja. Aliyebeba habari huku na huku, kwa miguu yake, ni Susi.

Ile sentensi maarufu je? Livingstone hakuiandika popote. Na katika daftari la safari la Stanley, kurasa zinazohusu dakika zile zimechanwa. Iliyobaki ni sentensi yenye shahidi mmoja tu, ambaye ni mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyekuwa na habari ya kuuza. Mbio za Susi zina mashahidi wawili, na kila mmoja aliandika kivyake. Ningekuwa hakimu najua ningeandika lipi kwenye hukumu.

Naendelea, lakini kwanza niwaachie nafasi.

Mchangiaji, Ujiji:

Kaka, hapa nyumbani tunaambiwa miembe iliyopo pale ni ile ile. Hebu weka sawa na hilo. Halafu ndugu zetu wa Burundi nao wana jiwe lao, wanasema walikutana kwao.

Mleta uzi:

Mwembe wa enzi hizo ulishakufa zamani, iliyopo sasa ni uzao wake. Na Stanley katika maelezo yake anachokieleza kwa kirefu ni baraza ya nyumba ya Livingstone, inayotazama sokoni. Hapo ndipo walipokaa na kuongea mpaka jioni, na mkeka na ngozi ya mbuzi anavitaja.

Jiwe la Burundi lipo kweli, Mugere, kusini ya Bujumbura, limechorwa majina yao na tarehe ya Novemba 1871. Lakini pale walipita wakiwa tayari wako pamoja. Baada ya kukutana Ujiji waliingia mtumbwini, wakapiga makasia kwenda ncha ya kaskazini ya ziwa kutazama mto Ruzizi. Swali lilikuwa kubwa kwa wanajiografia wa Ulaya wakati huo: Ruzizi unatoka ziwani kwenda Nile, au unaingia? Waliukuta unaingia. Mugere walilala tu. Kukutana ni kwenu, dada au kaka, msinyang'anywe.

Mchangiaji, Kasulu:

Mkuu shusha nondo. Huyu Susi alijulia wapi Kiingereza? Mwenyeji wa wapi?

Mleta uzi:

Swali zuri. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi, Msumbiji ya leo. Alianza kazi na Livingstone kwenye meli, zama za safari ya Zambezi. Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa mtoto, alikuwa kwenye kundi la mateka waliofungwa kupelekwa utumwani, akakombolewa na Livingstone na wamisionari aliokuwa nao. Mwaka 1864 Livingstone alivuka bahari kwa meli ndogo mpaka Bombay, na vijana hawa walikuwa mabaharia wake. Susi akafanya kazi bandarini kule, Chuma akapelekwa shule ya misheni, akabatizwa James. Waliporudi Afrika 1866 walikuwa wamevuka Bahari ya Hindi mara mbili. Hawa ndio "watumishi" tunaowasoma kwa mstari mmoja.

Na mkuu wa msafara wa Stanley? Sidi Mubarak Bombay, Myao mwingine, aliyewahi kuuzwa utumwani India akarudi huru. Alishafika Ujiji na wavumbuzi wa Kiingereza, Burton na Speke, mwaka 1858, miaka kumi na mitatu kabla Stanley hajaliona ziwa. Baadaye akavuka bara lote na Mwingereza mwingine, Cameron, mpaka Atlantiki. Stanley "alipogundua" njia, aliongozwa na mtu aliyekuwa anarudi mahali anapopajua.

Mchangiaji, Tabora (mwalimu mstaafu):

Wanangu, mnaongea Ujiji kana kwamba Stanley alishuka na ndege. Alipita kwetu Unyanyembe, akakaa Kwihara miezi mitatu. Tembe lake lipo, nje kidogo ya mji. Mleta uzi usimsahau Mirambo.

Mleta uzi:

Shikamoo mwalimu. Sikumsahau, nilikuwa namwekea nafasi yake, maana bila yeye pengine mkutano wa Ujiji usingekuwepo.

Tazameni tarehe. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 na kufika Tabora mwezi Juni. Mpango wake ulikuwa aunganishe moja kwa moja kwenda Ujiji. Kama njia ingekuwa wazi angefika ziwani katikati ya mwaka. Livingstone wakati huo hakuwa Ujiji. Alikuwa mbali ng'ambo, Nyangwe, nchi ya Manyema, ambako tarehe 15 Julai alishuhudia wafanyabiashara wa watumwa wakiwamiminia risasi watu sokoni, wengi wao wanawake. Tukio lile lilimvunja moyo, akageuza kurudi Ujiji. Alifika mwishoni mwa Oktoba, mgonjwa, na kukuta mali aliyotumiwa imeshauzwa yote.

Kilichomzuia Stanley ni vita. Mirambo wa Urambo alikuwa amegombana na Waarabu wa Tabora, akafunga njia ya kwenda ziwani. Waarabu wakakusanya jeshi mwezi Agosti, na Stanley, kwa kujiamini, akajiunga nao na watu wake. Wakauteka mji mmoja, wakabeba pembe na mateka, wakarudi wamelewa ushindi. Mirambo alikuwa anawasubiri njiani. Aliwapiga vibaya. Stanley akakimbilia Kwihara, na Mirambo akaja mpaka Tabora yenyewe na kuichoma sehemu kubwa. Mwezi Septemba ndipo Stanley akaondoka, kwa kuzunguka kusini, mbali kabisa na njia ya kawaida.

Ucheleweshaji huo ndio uliofanya afike Ujiji siku chache tu baada ya Livingstone kurudi. Mtemi mmoja wa Kinyamwezi anayelinda ushuru na njia zake, asiyejua lolote kuhusu New York, ndiye aliyepanga ratiba.

Na miaka mitano baadaye, Aprili 1876, Stanley akipita tena nchi hizi alikutana na Mirambo uso kwa uso. Wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Stanley akamwita Bonaparte wa Afrika.

Mwalimu, kama nimekosea popote nirekebishe.

Mchangiaji, Tabora (mwalimu mstaafu):

Hujakosea. Sasa waeleze watoto habari ya maiti.

Mleta uzi:

Hapa ndipo nilipotaka kufika, wakuu. Kwangu mimi hii ni kubwa kuliko Ujiji.

Baada ya Ruzizi, Stanley na Livingstone walitembea pamoja mpaka Kwihara, wakakaa tembe moja. Machi 1872 Stanley akaenda pwani. Livingstone akabaki Kwihara mpaka Agosti akisubiri wapagazi aliotumiwa. Walipofika akaelekea kusini, na mwanzoni mwa Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo.

Jamani, hebu fikirieni hali ya watu wale. Mwajiri wao amekufa. Hakuna Mzungu hata mmoja karibu, hakuna wa kuwaamrisha, mshahara wao uko Zanzibar, na katika nchi nyingi walizopaswa kupita, kusafiri na maiti ni hatari kuliko kusafiri na pembe. Wangeweza kumzika pale pale na hakuna ambaye angewalaumu. Wakakaa kikao. Wakaamua kumrudisha kwao.

Moyo na matumbo waliyazika chini ya mti. Jacob Wainwright, kijana aliyekuwa amesoma shule ya misheni Nasik, India, akasoma sala ya mazishi na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauviringisha kwa nguo, wakauweka ndani ya gamba la mti na kuufunga kwa turubai, kisha wakaning'iniza kwenye mti wa kubebea. Humo msafarani walikuwamo wanawake pia, akiwemo Halima mpishi, ambaye Livingstone alimsifia kwenye shajara yake. Safari ilikuwa zaidi ya kilomita 1,600. Wapo waliofia njiani.

Mwezi Oktoba wakafika Kwihara, kwenye tembe lile lile. Wakamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kuja kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo Unyanyembe, njia ya mbele ni ya hatari. Ni ofisa wa jeshi la majini la Uingereza anayezungumza na wapagazi. Wakakataa. Walishaamua azikwe kwao, atazikwa kwao. Cameron akachukua baadhi ya vifaa vya kupimia vya Livingstone kwa safari yake mwenyewe. Mwili hakuupata.

Mbele ya Unyanyembe, mahali paitwapo Kasekera, mambo yakaharibika. Wenyeji wakakataa katakata maiti isipite nchini kwao. Kupigana haiwezekani, kurudi hawataki. Walichokifanya ni hiki: wakatangaza kwamba wamekubali, maiti inarudishwa Unyanyembe ikazikwe. Usiku wakautoa mwili kwenye gamba la mti, wakaukunja na kuufunga upya uonekane robota la kawaida la nguo za biashara. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga na kuyavika nguo mpaka yakawa na umbo la maiti. Watu wachache waaminifu wakayabeba kwa heshima zote za mazishi kuelekea Unyanyembe, kila mtu anaona. Walipofika mbali porini wakayafumua, wakatupa mabua hapa moja pale moja, wakatawanyika na kurudi kwa wenzao kwa kujificha.

Robota likaendelea na safari kati ya marobota mengine. Februari 1874 likafika Bagamoyo.

Mchangiaji, Kigoma mjini:

Dah. Nimesoma mpaka chai imepoa. Mkuu, baada ya hapo walipewa nini?

Mleta uzi:

Hili linaniuma, ndugu yangu, nalisema bila kuficha.

Walilipwa mishahara yao, wakaambiwa ahsanteni. Meli ikaondoka na mwili, na kati yao wote aliyesafiri nao ni Wainwright peke yake, kwa nauli iliyotolewa na jumuiya ya wamisionari. Uingereza madaktari wakautambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey, London. Wainwright alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza. Alikuwepo pia Kalulu, mtoto ambaye Stanley alipewa Tabora na mfanyabiashara wa Kiarabu na kumchukua mpaka Ulaya. Kalulu alizama kwenye maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877, bado kijana.

Susi na Chuma walipelekwa Uingereza na rafiki mmoja wa Livingstone, wakafika mazishi yameshapita. Hata hivyo walikaa miezi kadhaa wakimsaidia mhariri wa shajara, Horace Waller. Sura za mwisho, kuanzia kifo mpaka Bagamoyo, zimetokana na maelezo yao. Habari ya mabua ya mtama tunaijua kwa sababu wao waliisimulia.

Chama cha Jiografia cha Uingereza kiliwatengenezea medali wanamsafara, kama sitini hivi. Zilipofika Zanzibar wengi walishatawanyika kwenye misafara mingine. Chuma aliongoza msafara wa Joseph Thomson mwaka 1879, akafariki Zanzibar 1882. Susi akafanya kazi na Stanley Kongo wakati mji wa Léopoldville unaanzishwa, ndiyo Kinshasa ya leo. Akafariki Zanzibar mwaka 1891.

Jiwe la kaburi pale Westminster linasema Livingstone aliletwa na mikono miaminifu, kwa nchi kavu na bahari. Jina la mwenye mkono hata mmoja halipo.

Mchangiaji, Kigoma mjini:

Na meli yetu ya Liemba? Uzi wa Kigoma bila Liemba haujakamilika.

Mleta uzi:

Kwa kifupi, maana Liemba inastahili uzi wake.

Kuna filamu ya Marekani ya 1951, The African Queen, ambayo meli ya Wajerumani inazamishwa ziwani na mashujaa wawili wenye boti bovu. Meli iliyotoa wazo hilo ni Liemba yetu, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa na kufungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati. Kigoma ikaunganishwa upya na kuingizwa majini Februari 1915.

Hakuna adui aliyeizamisha. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia Kigoma, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya mafundi kuipaka mitambo grisi nzito kwa matumaini ya kuirudia siku moja. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, mitambo ikakutwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 ikabeba wakimbizi zaidi ya 75,000 kurudi Kongo. Mwaka 2015, watu wa Burundi walipojaa ufukweni Kagunga ambako hakuna barabara, ilikuwa Liemba iliyowafuata na kuwaleta Kigoma.

Na hapa napo, wakuu: mafundi watatu wa Kijerumani waliokuja kuiunganisha wanajulikana kwa majina, Rüter, Tellmann na Wendt. Waafrika waliopiga ribiti za kuunganishia mabati yake, na Wahindi waliokuwa nao, wanatajwa kwa idadi tu.

Mchangiaji, Ujiji:

Kaka, babu zetu wengine walikuwa wapiga ribiti hao. Nyumbani kuna mzee aliyesimuliwa na baba yake.

Mleta uzi:

Basi nenda kwa mzee huyo wiki hii, shikamoo yangu umfikishie, na umrekodi kwa simu kama ataridhia. Uliza jina la baba yake, aliishi mtaa gani, alilipwaje, alifanya kazi gani hasa. Ulete hapa. Na mwalimu wa Tabora, ombi kwako: upande wa Kasekera, kama kuna wazee wenye simulizi ya robota lile, naomba utuulizie.